Kabla ya kumnunulia mtoto bomba la kiti la kaboni

Mwezi Septemba 2025 jiji la Kigali liliandaa mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza kufanyika barani Afrika. Vijana wetu waliona kwa macho yao, kwenye milima ya jirani, baiskeli nyembamba ambazo zamani walizitazama kwenye televisheni tu. Si ajabu kwamba mzazi leo anaombwa baiskeli ya mbio, na baada ya miezi michache anaombwa vifaa vya kuiboresha. Kimojawapo ni bomba la kiti, lile linaloingia ndani ya fremu na kubeba kiti juu yake.

Hoja inayotolewa dukani inasikika kama ya kitabibu. Mtoto analalamika mgongo, au makalio yanamuuma, au goti. Muuzaji anasema dawa yake ni kuondoa bomba la alumini na kuweka la kaboni, kwa sababu kaboni "inameza" mtikisiko wa barabara. Bomba zuri la kaboni linaweza kugharimu zaidi ya baiskeli nzima ya mtumba. Msimamo wa safu hii ni kwamba mzazi asitoe fedha hiyo mpaka mambo mengine mawili yaangaliwe kwanza, nayo ni urefu wa kiti na upepo wa tairi.

Tuanze na kiti, kwa maana hapo ndipo magoti mengi yanapoharibikiwa. Kiti kikiwa chini mno, goti linakunjwa kupita kiasi kila pedeli inapozunguka, na maumivu hutokea mbele ya goti, karibu na kifuniko chake. Kikiwa juu mno, mguu unanyooka kupita kiasi, nyonga zinayumba kushoto na kulia kutafuta pedeli, na maumivu huja nyuma ya goti na chini ya mgongo. Mtu anayepiga pedeli mara 80 kwa dakika hurudia kosa hilo mara 4,800 kwa saa moja. Hakuna bomba la kaboni wala la dhahabu litakalorekebisha hilo.

Kipimo cha kuanzia ni rahisi. Mtoto asimame bila viatu, mgongo ukutani, abane kitabu kigumu katikati ya mapaja hadi juu kabisa. Pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, kisha zidisha kwa 0.883. Jibu ndilo umbali kutoka katikati ya mhimili unaozungusha pedeli hadi juu ya kiti, ukipima kwa kufuata bomba la fremu. Mwenye sentimita 80 atapata 70.6. Hesabu hiyo ilitokana na waendesha baiskeli watu wazima, kwa hiyo kwa kijana ichukuliwe kama mahali pa kuanzia, halafu ihakikishwe kwa kisigino: akae kwenye kiti, aweke kisigino juu ya pedeli iliyo chini kabisa, na mguu uwe umenyooka bila nyonga kuinama upande mmoja. Akihamishia pedeli mbele ya unyayo, goti litabaki limekunjwa kidogo, na hivyo ndivyo inavyotakiwa.

Kijana aliye katika kasi ya kubalehe anaweza kuongezeka sentimita 8 hadi 10 ndani ya mwaka mmoja, na miguu hutangulia. Kiti kilichomfaa Januari hakitamfaa Desemba. Hapa ndipo bomba lenyewe linapoingia katika habari ya afya, na si kwa sababu ya mtikisiko. Kila bomba lina mstari au alama iliyochorwa kuonyesha kiwango cha chini linachopaswa kuzama ndani ya fremu. Mtoto anarefuka, mzazi anapandisha kiti, anapandisha tena, mwisho ule mstari unaonekana nje. Bomba lililovutwa hivyo hubeba uzito wote kwenye kipande kifupi kilichobaki ndani. Likivunjika, au likipasua fremu, mpandaji anaangukia kipande chenye ncha kikiwa kimesimama katikati ya miguu yake. Hatuhitaji kueleza zaidi. Mstari ukionekana, nunua bomba refu zaidi lenye kipenyo kilekile.

Kipenyo kilekile, tena kwa usahihi. Baiskeli nyingi za mbio hutumia bomba la milimita 27.2, lakini zipo fremu za vipimo vingine vingi, na tofauti ya sehemu ya kumi mbili tu za milimita inatosha kufanya bomba licheze au likwame. Fundi wa mtaani akikosa bomba sahihi hukata kipande cha kopo la soda na kukizungushia. Tunawaheshimu mafundi wetu, wanafanya mengi kwa vifaa vichache, lakini hilo wakatazwe kwenye baiskeli ya mtoto. Kipimo cha bomba mara nyingi kimegongwa karibu na ule mstari, kwa hiyo kabla ya kwenda dukani lichomoe na usome.

Sasa upepo. Barabara zetu zina viraka, matuta na vipande vya vumbi katikati ya lami, na mtikisiko ni wa kweli, hatuupuuzi. Ila kitu cha kwanza kinachoupokea ni tairi, na tairi linaweza kuupunguza kuliko bomba lolote. Vijana wengi wanajaza upepo hadi tairi liwe gumu kama jiwe wakiamini ndiyo mbio. Mtoto wa kilo 50 mwenye tairi la milimita 28 anaweza kuendesha vizuri kwa paundi 60 hivi, badala ya 100. Katika mbio za Paris–Roubaix za Ufaransa, ambazo hupita zaidi ya kilomita 50 juu ya barabara za mawe, waendeshaji walio bora duniani hukimbilia kwanza tairi pana na upepo mdogo. Kwa bei ya pampu yenye kipimo, mtoto wako anaweza kufuata njia hiyohiyo.

Baada ya hayo yote, aliyebaki na swali la bomba ana haki ya kujibiwa. Kwa mtoto au kijana anayekua, sisi tungechagua alumini bila kusita. Ni nyepesi kiasi cha kutosha, bei yake inawezekana, na likibadilishwa baada ya mwaka kwa sababu mtoto amerefuka, familia haitalia. Kasoro yake ni kwamba alumini huchoka polepole kwa miaka ya kukunjwa-kunjwa, kwa hiyo bomba la mtumba lenye ufa au mkunjo karibu na pale linapokamata kiti litupwe. Kasoro ya pili wakazi wa Tanga, Dar es Salaam na Mombasa wanaijua bila kuambiwa: alumini ndani ya fremu ya chuma, pamoja na jasho, mvua na hewa ya chumvi, hujenga unga mweupe unaoligandisha bomba. Likiganda, kiti hakipandi tena, na mtoto anaendelea kuendesha kwa kiti cha mwaka juzi huku goti likimlipa. Lichomolewe kila baada ya miezi michache, lifutwe, lipakwe grisi.

Chuma, kama kile cha baiskeli za Phoenix, ni kizito na kinashika kutu, lakini kina nguvu na kwa kawaida hupinda kabla ya kukatika. Kwa mtoto wa kwenda shule kinatosha kabisa. Titani ni nzuri na haishiki kutu, ila bei yake si ya mtoto anayekua.

Kaboni ina sifa zake, na si haki kuikana. Bomba lake hupunguza gramu 100 hivi, na lililotengenezwa vizuri hunesa kidogo kwenda nyuma. Mtu mzima anayeendesha saa nne au tano kila Jumamosi anaweza kuhisi tofauti. Lakini linataka kukazwa kwa kipimo, mara nyingi karibu nyutoni-mita 5, kwa spana maalumu inayoonyesha nguvu ya kukaza. Spana ya kawaida pamoja na mkono wenye nguvu vinaweza kulivunja kwa ndani bila alama ya nje, na siku litakapokatika litakatika ghafla. Tena halipakwi grisi ya kawaida, bali lina dawa yake ya kulizuia lisiteleze. Ongeza kwamba mabomba bandia yenye nembo za kampuni kubwa yanauzwa mtandaoni, na la mtumba huwezi kujua limepitia ajali gani. Kwa mtoto, hatuoni sababu ya kubeba hatari hiyo.

Wasomaji watu wazima wanaoendesha kwa ajili ya afya wana swali jingine ambalo wanaume hasa huona haya kulisema, nalo ni ganzi. Uzito ukikaa kwenye pua ya kiti badala ya mifupa miwili ya makalio, mishipa ya fahamu na ya damu iliyo kati ya sehemu za siri na njia ya haja kubwa hubanwa. Nchini Marekani polisi 90 wa baiskeli walipewa viti visivyo na pua kwa miezi 6, na walioripoti ganzi walipungua sana. Tafadhali angalia kilichobadilishwa hapo: umbo la kiti. Bomba halikuguswa. Kwa hiyo mwenye ganzi ashushe kidogo pua ya kiti iliyoinuka, ajaribu kiti kipana zaidi au chenye nafasi katikati, na asimame juu ya pedeli kila baada ya dakika chache. Ganzi inayobaki saa nyingi baada ya kushuka, au inayoambatana na shida ya kukojoa au ya nguvu za kiume, inahitaji daktari. Mgonjwa wa kisukari ambaye hisia zake zimepungua hawezi kutegemea maumivu yamwambie. Ajikague ngozi ya makalio kila baada ya safari, maana kidonda kidogo hapo hupona kwa shida.

Tuna wasiwasi mkubwa zaidi kuliko huu wa fedha. Mzazi akishaamini kwamba tatizo ni bomba, atasubiri bomba lifike, na wakati huo ugonjwa halisi unaendelea. Kijana wa miaka 10 hadi 15 anayechechemea na kusema goti linauma anaweza kuwa na tatizo la nyonga, ambapo kichwa cha mfupa wa paja kinateleza kutoka mahali pake. Huyo asikanyage pedeli tena hadi apigwe picha ya eksirei. Mtoto mwenye selimundu akiumwa nyonga, mfupa huenda unakosa damu. Mgongo unaouma usiku, pamoja na homa za jioni, jasho au kupungua uzito, lazima uchunguzwe kifua kikuu cha mifupa ya mgongo, ambacho bado kipo kwetu. Na udhaifu wa miguu au kushindwa kuzuia mkojo ni dharura ya siku hiyohiyo.

Vivyo hivyo kwa aliyeangukia bomba au fremu katikati ya miguu. Akiona damu kwenye njia ya mkojo, au akishindwa kukojoa, au uvimbe na weusi ukisambaa, asilazimishwe kukojoa wala kukandwa maji ya moto nyumbani. Apelekwe hospitali akiwa amelala, na mpokeaji aelezwe waziwazi aliangukia nini.