Tunailaumu WhatsApp, kumbe namba za wateja tunazimwaga wenyewe

Wadau, leo sina somo la kupiga picha wala la kupanga bei. Nina hoja moja, na najua kuna watakaoninunia.

Kila wiki nawasikia wauzaji wenzangu wakizilalamikia kampuni za mtandao. Eti simu inatusikiliza, ukitaja friji tu matangazo ya friji yanamiminika. Januari 2021 WhatsApp walipotangaza masharti mapya ya faragha, dunia nzima ilichafuka. Watu wakakimbilia Telegram na Signal, mpaka kampuni ikasogeza tarehe kutoka Februari 8 hadi Mei 15. Hata huku kwetu Kibakwe kuna waliotangaza kwamba wanahama. Hawakufika mbali, maana wateja wamebaki WhatsApp, na muuzaji anamfuata mteja.

Sisemi hofu hiyo ni ya bure. Facebook waliinunua Instagram 2012 kwa dola bilioni 1, na 2014 wakaitangazia WhatsApp dola bilioni 19. Hakuna mtu anatoa hela ya namna hiyo ili wewe utume picha za vitenge bure. Wanauza matangazo, na tangazo linauzika vizuri wakijua wewe ni nani na unapenda nini. Ila tuwe wakweli. Tangu 2016 ujumbe wa kawaida wa WhatsApp unafungwa kwa namna ambayo anausoma aliyetuma na aliyetumiwa tu. Kampuni inaweza kujua unachati na nani na saa ngapi. Haijui kama mama fulani kaagiza sidiria saizi 38.

Anayejua ni wewe muuzaji. Na anayeposti ni wewe.

Fungua stetasi za wauzaji asubuhi yoyote. Skrinishoti ya malipo, jina kamili la mteja, kiasi, kumbukumbu namba ya muamala. Chini yake: "Asante bosi kwa kutuamini." Wengine wanapaka rangi juu ya namba, lakini rangi yenyewe nyepesi, ukiongeza mwanga wa picha unasoma kila kitu. Kama lazima uifiche, kata kabisa hicho kipande cha picha, usipake.

Kuna mama mmoja alinisimulia yake dukani. Aliagiza wigi na mafuta kwa muuzaji wa mjini, jumla elfu themanini na tano. Muuzaji akaposti muamala. Shemeji yake akauona, ukafika nyumbani kabla ya mzigo. Akaanza kuulizwa hela katoa wapi, wakati ilikuwa hela ya vitunguu vyake mwenyewe, alivyolima mwenyewe. Akaniambia, "Mdogo wangu, mimi mtandaoni basi. Nikitaka kitu nasubiri mnada." Hapo hajapotea mteja wa yule muuzaji peke yake, tumempoteza sote.

Halafu kuna matapeli. Wote tunazijua meseji za "ile hela tuma kwenye namba hii". Sasa fikiria tapeli ameona kwenye stetasi yako jina la mteja, namba yake na alicholipia. Anampigia: "Dada, mzigo wako umekwama stendi Dodoma, ongeza elfu kumi na tano ya usafiri." Mteja ataachaje kuamini? Anatajiwa mpaka rangi ya gauni. Akishaliwa, atakayelaumiwa ni wewe.

Sheria nayo ipo, siyo ustaarabu tu. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inalinda faragha ya mtu. Bunge likapitisha Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi 2022, ikaanza kutumika Mei 1, 2023, na Tume yake ikazinduliwa na Rais Samia Aprili 3, 2024. Wengi wanadhani hiyo ni ya mabenki na kampuni za simu. Soma vizuri, msingi wake ni kwamba taarifa uliyopewa kwa kazi moja usiitumie kwa kazi nyingine bila ridhaa. Mteja kakupa namba ili bodaboda amfikie. Hajakupa ili umwingize kwenye grupu la watu mia mbili wasiomjua.

Najua jibu lenu: "Bila ushahidi mteja mpya haamini." Ni kweli, nami nauza huku huku, najua tabu ya kuaminiwa ukiwa kijijini. Lakini ushahidi siyo lazima uwe jina la mtu. Piga picha mzigo uliofungwa kabla ya kubandika jina. Muombe mteja aliyefurahi akurekodie sauti, sekunde kumi zinatosha. Na ukitaka kuposti, muulize. Wengi wanakubali, wengine wanapenda kabisa kutajwa.

Jingine la haraka: programu za mikopo. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zinazokopesha mtandaoni bila leseni. Tunajua tabia ya hizi kausha damu, ukichelewa kulipa wanawapigia watu waliomo kwenye simu yako. Sasa simu ya biashara yenye namba za wateja mia sita, unaipakia kitu hicho na kukubali isome namba zote kwa sababu ya mkopo wa elfu hamsini? Kama ni lazima ukope, usitumie simu hiyo.

Kuhusu kukopi, hapo ndipo tunapogombana zaidi. Utasikia, "Instagram wenyewe walikopi Stories kwa Snapchat 2016, wakakopi TikTok wakaleta Reels 2020, mimi nani?" Ni kweli walikopi, na mwanzilishi wa Instagram alikiri hadharani kwamba sifa ni ya Snapchat. Lakini walichukua wazo. Wazo halina mwenyewe. Uza vitenge kama vyangu, panga kama ninavyopanga, shusha bei ukitaka, sikudai. Picha niliyoipiga mimi ni kitu kingine, Sheria ya Hakimiliki ya 1999 inailinda. Na msiseme hizo sheria ni za wakubwa tu. Mwaka 2016 Mahakama ya Wilaya ya Ilala iliamuru Tigo iwalipe AY na MwanaFA zaidi ya shilingi bilioni 2 kwa nyimbo zao mbili zilizotumika kama milio ya simu bila ridhaa. Tigo walikata rufaa, lakini wasanii wawili walisimama na kampuni ya simu mahakamani.

Mimi picha zangu utazijua, mzani wangu wa bluu unaonekana pembeni. Ukiuona kwenye ukurasa wa mtu mwingine, niambie.