Rangi Haizuii Maji

Kila mwaka kabla chuo hakijafunguliwa, mafundi wanakuja bwenini kwetu na ndoo za rangi ya krimu. Tukirudi, chumba kinanukia upya, utadhani uko hotelini. Ikifika masika, futi tatu za chini za ukuta zinaanza kuvimba, rangi inabanduka kama gamba la nyoka, na nyuma yake unakuta unga mweupe. Mwenzangu wa chumbani ana pumu. Muhula uliopita alihamia kitanda cha juu kwa sababu godoro la chini lilishaota ukungu, na bado usiku nilikuwa namsikia akihangaika kuvuta pumzi.

Sisi tunaosoma ujenzi hatuna kisingizio. Tofali la saruji lina vitundu vidogo sana, na maji ya ardhini hupanda humo kama mafuta ya taa kwenye utambi. Yanapanda na chumvi. Maji yakikauka, chumvi inabaki, inaganda na kuisukuma rangi itoke. Ndiyo huo unga. Kinga yake huwekwa siku ya kujenga: nailoni nzito chini ya jamvi, na tabaka lisilopitisha maji juu ya msingi kabla ya kupanga tofali la kwanza la ukuta. Jengo likishasimama kazi inakuwa ngumu, ila ipo: ziba gata zinazovuja, ondoa udongo uliolundikana ukutani, chimba mtaro upeleke maji mbali. Kupaka rangi ya mafuta ndiyo balaa kabisa, maana unyevu unakosa pa kutokea unazidi kupanda.

Waliojenga Mji Mkongwe kule Zanzibar walilijua hili bila digrii. Kuta zao za mawe ya matumbawe walizipiga lipu ya chokaa, ambayo huacha unyevu utoke. Anayekuja leo kuzikandika saruji anaziziba pua. (Bibi yangu alikuwa akisema hivyo hivyo, nikamcheka, mpaka nilipokutana nalo darasani mwaka wa 3.)

Tunaambiwa bajeti haitoshi. Sawa, lakini rangi ya kila mwaka inanunuliwa kwa nini, majani? Nilimuuliza fundi mmoja mbona hagusi gata iliyopasuka juu ya dirisha letu. Akanijibu kwa upole tu: "Mdogo wangu, mimi nimeitwa kupaka rangi. Mambo ya maji hayamo kwenye karatasi yangu." Sikuwa na neno, kosa si lake.

Wabunge wetu wa serikali ya wanafunzi hupigania intaneti na bumu, na ni haki. Kikao kijacho nawaomba waongeze swali moja: je, gata na mtaro vitatengenezwa kabla ya rangi nyingine kununuliwa? Kipande cha plasta kilichoanguka kitandani kwetu nimekiweka kwenye bahasha. Nitakuja nacho.