Nani Kasema Nadharia Inaishia Darasani?

Mwanafunzi wa uuguzi akifika wodini kwa mafunzo ya vitendo, iwe hospitali ya Bomani mjini Tarime au kwingineko, hakosi kuyasikia maneno haya manne. Tuyapime moja moja.

"Nadharia ni ya darasani, wodini ni mikono." Mikono haijiongozi. Anayemgeuza mgonjwa kila saa mbili ili asipate vidonda anafuata nadharia: ngozi iliyogandamizwa haipati damu. Anayeijua sababu atamgeuza mapema aliyekonda au aliyelowa jasho. Asiyeijua atasubiri saa ya ukutani, hata kisigino kikishaiva.

"Maarifa ya uuguzi ni makombo ya udaktari." Muuguzi Florence Nightingale ndiye aliyeonyesha kwa takwimu kwamba katika vita vya Crimea maradhi yaliua askari wengi kuliko majeraha. Mwaka 1978 Barbara Carper, muuguzi wa Marekani, alieleza njia nne za kujua: sayansi, maadili, kujitambua, na usanii wa kumsoma mgonjwa.

Zipeleke chumba cha kujifungulia Tarime, kwa mzazi aliyekeketwa. Sayansi inamtahadharisha mkunga: utafiti wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006, uliofanyika nchi sita za Afrika ikiwemo Kenya, ulionyesha kwamba kadiri ukeketaji ulivyokuwa mkubwa, ndivyo hatari ya kuvuja damu ilivyoongezeka. Maadili yanamkataza kumwaibisha. Kujitambua kunamtaka ajiulize: namhudumia au namhukumu? Usanii unamwambia lini anyamaze, na mama mkwe anayesubiri mlangoni aambiwe nini. Hakuna daktari aliyemwachia hayo kwenye faili.

"Nadharia zote ni za Wazungu." Hapa pana ukweli nusu: majina mengi vitabuni ni ya Wamarekani. Lakini tazama utafiti wa E-MOTIVE, uliofanyika katika hospitali 80 za Kenya, Nigeria, Afrika Kusini na Tanzania. Tatizo lilikuwa la kila siku: damu ya mzazi hukadiriwa kwa macho, ikinywewa na khanga na pamba, na wengi hugundulika wakiwa wamechelewa. Wakunga wakaanza kumtandikia mzazi mfuko wenye mistari ya vipimo, na damu ikifika kiwango cha hatari, tiba zote zinaanza kwa pamoja: kukanda mji wa mimba, oksitosini, dawa ya kulinda damu iliyoganda isiyeyuke, dripu na uchunguzi. Matokeo yalitangazwa mwaka 2023: madhara makubwa ya kuvuja damu yalipungua kwa asilimia 60. Maarifa hayo yamepatikana mikononi mwa wakunga wa Afrika, na sasa dunia inajifunza kwao.

"Tuko wachache, muda hatuna." Uchache ni kweli, ila swali halihitaji ofisi. Wakati wa kukabidhiana zamu, mkunga anaweza kuuliza: "Mbona hawa wawili wamevuja damu saa moja baada ya kujifungua, na wote walikaa na uchungu muda mrefu?" Likiandikwa, likalinganishwa na rejista ya miezi iliyopita, linakuwa dhana inayoweza kupimwa. Likiishia mdomoni, atakayeingia zamu mwakani ataanza upya, pengine kwa gharama ya mzazi mwingine. Mali bila daftari hupotea bila habari, na ujuzi wa mkunga aliyezalisha miaka 30 ni mali. Wodi iliyopungukiwa watu ndiyo isiyoweza kumudu hasara hiyo.