Alhamdulillahi, Lakini Bega Linauma



Ndugu zetu wasomaji, juma hili tumeona tuzungumze juu ya maumivu yanayobaki mwilini baada ya ajali ya gari, pale ambapo michubuko imekwisha kupona na jamaa wameacha kuja kutoa pole. Kilichotusukuma ni mazungumzo yetu ya simu na dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa, anayeishi Ndhiwa katika kaunti ya Homa Bay, ambako mumewe ana duka. Ameturidhia tusimulie habari yake kwa sharti la kulificha jina lake.

Katika mwezi wa Safar, dada huyu alikuwa ndani ya gari la abiria, akitoka Rodi Kopany kurejea Ndhiwa. Nchi ile ni ya mashamba ya miwa, na matrekta yenye kuvuta matela hutumia barabara moja na magari ya abiria na pikipiki. Gari lao lilikwepa trekta, likaingia mtaroni. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshika kwa nguvu kiti cha mbele, na kishindo chote kikapita mkononi hadi begani. Baadhi ya abiria walivunjika miguu. Yeye alipigwa picha ya eksirei, akaambiwa mifupa ni mizima, akapewa vidonge vya maumivu, akaenda zake nyumbani.

Tangu siku ile, kila aliyemjulia hali alijibiwa, “Alhamdulillahi.” Mavyaa wake alijibiwa hivyo, na majirani, na mamake aliyekuwa akimpigia simu kutoka Mombasa. “Wenzangu walilazwa, wengine wanatembelea magongo,” alituambia. “Mimi niliyetoka mzima nilalamike kwa uso gani?” Basi akanyamaza. Akaacha kulalia ubavu wa kulia, na mkono akaubana kifuani asije akautonesha. Ulipoingia Shaaban, miezi 6 baadaye, mkono ulikuwa haupandi kupita kifua. Binti yake wa miaka 9 ndiye aliyekuwa akimchana nywele na kumfunga mtandio, naye alikuwa ameonywa asimwambie baba.

“Siku niliyolia,” alisema, “ni siku nilipotaka kuhirimia Sala, mkono wa kushoto ukafika sikioni, wa kulia ukabaki chini.”

Yafaa tufahamu kilichompata. Kiungo cha bega hakikuundwa kama cha nyonga, kilichozama ndani ya shimo. Kichwa cha mfupa wa mkono kimeegemea pahali padogo pasipo na kina, mfano wa mpira juu ya kisahani. Ndiyo maana mkono waweza kuzunguka kila upande. Kinachokishika ni misuli 4 na kano zake, pamoja na mfuko mwembamba unaokizunguka kiungo. Eksirei huonyesha mfupa; kano iliyochanika haionyeshi. Kwa hivyo neno “mifupa ni mizima” ni habari njema, lakini si habari kamili.

Tena mfuko ule, bega likiumia kisha likaachwa bila kusogezwa, waweza kunenepa na kujikaza hata kiungo kikaganda. Huanza maumivu, makali zaidi usiku, kisha ukakamavu, kisha bega hulegea kidogo kidogo. Safari hiyo yaweza kuchukua mwaka 1 hadi 3. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, hasa wa umri wa miaka 40 hadi 60, na wenye kisukari wamo katika hatari kubwa zaidi. Hivyo dada yetu, kwa kuubana mkono asipate kuumia, alikuwa akilisaidia bega kuganda.

Hapa ndipo tunapotaka kusema neno na wasomaji wetu. Wengi wetu tumelelewa tukiamini kwamba mwenye subira hasemi linapomuuma. Lakini imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Bibi Aisha (R.A.) alilalamika kichwa, na Mtume (S.A.W.) hakumkemea, bali alisema kuwa naye pia kichwa kinamuuma. Na Nabii Ayyub (A.S.), ambaye kwake twajifunza subira, alimwambia Mola wake wazi kwamba dhara imemgusa. Subira ni kutomnung'unikia Mwenyezi Mungu. Kumweleza tabibu, mume au mama pale panapouma hakuiondoi. Mtume (S.A.W.) ametuamrisha tujitibu, na anayeficha maumivu atajitibu vipi?

Katika Sala pia dini ni nyepesi. Kuinua mikono wakati wa takbira ni sunna; asiyeweza huinua kadiri ya uwezo wake, na Sala yake ni sahihi. Asiyeweza kusujudu sawasawa huinama awezavyo. Imran bin Husayn (R.A.) alipokuwa mgonjwa, Mtume (S.A.W.) alimruhusu asali kwa kukaa akishindwa kusimama, na kwa ubavu akishindwa kukaa.

Ama matibabu, maumivu ya bega yasiyopungua baada ya wiki 2 hivi yanahitaji kuonwa tena na daktari. Usikawie kabisa ukiona ganzi au udhaifu wa mkono, bega lililobadilika umbo, au homa. Maumivu ya bega yanayokuja pamoja na kifua kubana au pumzi kukatika ni ya kukimbizwa hospitali saa hiyo hiyo. Tusimruhusu mkandaji aivute mikono kwa nguvu kabla haijajulikana kilichoumia ndani. Na vidonge vya maumivu visimezwe miezi mfululizo bila ushauri, kwani baadhi yake hudhuru tumbo na figo.

Dada yetu hatimaye alimwambia mumewe, naye akafunga duka siku ile ile wakaenda Homa Bay mjini kwa mtaalamu wa viungo. Hakupewa dawa mpya. Alifundishwa kuinama akiegemea meza kwa mkono mzima, na kuuacha ule mbovu uning'inie na kuzunguka polepole. Kisha kutambaza vidole ukutani kupanda juu, kila siku akiweka alama pale vilipofika. Kabla ya hapo huweka kitambaa cha moto begani kwa dakika 10 au 15. Aliambiwa kuvutika si kitu, lakini maumivu makali ni amri ya kusimama. Mazoezi haya yasianzwe kabla ya daktari kuhakikisha hakuna mvunjiko wala mteguko.

Kwa akina baba na mavyaa: mgonjwa wa bega haonekani mgonjwa. Mtungi wa maji wa lita 20, unga wa kukanda, mtoto wa kubeba, hayo mwondoleeni bila kungoja aombe. Na karatasi za hospitali pamoja na ile ya polisi ya kuthibitisha ajali zihifadhiwe, kwa kuwa sheria ya Kenya humpa aliyeumizwa miaka 3 ya kufungua madai, na maumivu mengine hujitokeza wakati watu wamekwisha kuzitupa.

Tulipozungumza naye mara ya mwisho ilikuwa Dhulhijja. Alama za ukutani zimefika usawa wa paji la uso. Mtandio hujifunga mwenyewe, ila pini ya nyuma bado ni kazi ya binti. Mamake alipompigia siku ya Idi kumjulia hali, alijibu, “Alhamdulillahi, lakini bega bado linauma kidogo,” na mama akataka aelezwe yote tangu mwanzo.

Mwenyezi Mungu amponye, na awaponye wagonjwa wetu wote. Wabillahi tawfiq.