MASTAA WA GEMU, ACHENI KUTUUZIA NDOTO ZA MB 200!

Wadau, leo sina umbea wa nani kamwacha nani. Leo nawachana mastaa wa gemu wa YouTube. Majina nakaa nayo, wenyewe mnawajua.

Kuna mmoja kapandisha video, kichwa cha habari herufi kubwa: GTA V KWA MB 200, INAPIGA KWENYE PC YOYOTE. Gari linawaka moto, mshale mwekundu, na yeye kaachama mdomo. Watazamaji kibao. Sasa shuka kwenye komenti: "bro mbona kwangu inaganda", "kaka inasema faili la dll halipo", "inaniomba paswedi". Staa kimya! Anayesifia tu ndiye anayepewa kopa.

Tuongee ukweli. GTA V ilipotoka kwenye PC mwaka 2015 ilitaka nafasi ya GB 65 kwenye diski. Sauti na picha zake zilishabanwa na waliotengeneza wenyewe, hakuna fundi wa kuzishindilia kwenye MB 200. Unachopakua basi ni nini? Labda ni San Andreas ya 2005 imepakwa rangi mpya, labda faili la paswedi linalokuzungusha kwenye matangazo, labda kirusi. Na bando umenunua wewe, sio yeye.

Halafu tuangalie mashine zetu. Wengi tunatumia mtumba, kompyuta zilizostaafu kwenye maofisi ya watu huko nje. RAM GB 4, kadi ya grafiki haina, kwa hiyo picha zinachota kwenye RAM hiyo hiyo ambayo Windows nayo inakula. GTA V kima cha chini inataka RAM GB 4, kadi ya grafiki yenye GB 1 yake peke yake, na Windows ya biti 64. Kama fundi kakuwekea ya biti 32, hata haifunguki. Hilo staa kakwambia? Thubutu.

Kuna na ile ya "programu ya kuongeza RAM". Jamani, RAM ni kijiti kimechomekwa kwenye madabodi! Wanachofanya ni kuazima kipande cha diski, na zile diski za zamani zinazozunguka ni kobe mbele ya RAM. Namba inapanda, gemu inakwama vile vile.

Mnaosema "ni burudani tu, acha wivu", sikieni hii. Kuna dogo mtaani kwetu kadunduliza hela ya kuosha bodaboda miezi saba. Kaenda duka ambalo staa huyo huyo analitangaza, kaambiwa "hii inapiga gemu zote". Kufika home, mpira unacheza kama picha za mnato. Kurudi dukani anajibiwa mzigo ukishatoka haurudi. Wiki ile ile staa anaposti kuwacheka wenye "PC za makabwela". Hela ya tangazo keshakula, sasa anamcheka aliyemleta dukani. Huo ni utu kweli?

Na msiniambie "nunua mpya". Ukongwe sio dhambi. San Andreas inaridhika na RAM MB 256. Need for Speed Most Wanted ya 2005, PES 2013, Counter-Strike 1.6, zote zinapiga fresh kwenye mashine za kizee. Ukiongeza kijiti cha pili cha RAM na kupuliza vumbi kwenye feni, unaona tofauti. Ila ukweli usemwe, maana milango inafungwa kila mwaka. Steam waliachana na Windows 7 tarehe 1 Januari 2024. Windows 10 nayo Microsoft waliacha kuihudumia kwa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inataka chipu ya TPM 2.0 ambayo mashine nyingi za zamani hazina. Anayenunua leo anahitaji mtu wa kumwambia hayo, sio wa kumpigia kelele.

Mastaa, tunataka kitu kimoja tu: kila video, onyesheni mashine mnayochezea. Acheni kurekodi kwenye lipc la mataa ya rangi halafu mnatwambia "hata GB 2 inatosha".

Na wewe msomaji, ukifika dukani usitoe hata mia kabla hujabonyeza Windows na R, ukaandika dxdiag. Utaona prosesa, RAM na Windows ya biti ngapi. Bonyeza Display uone na kadi ya grafiki. Muuzaji akikuzuia kugusa, jibu umeshapata, ondoka.

Aliyewahi kulizwa na "inapiga gemu zote" ashuke kwenye komenti. Na mastaa mkija kunitukana, njooni na dxdiag zenu mkononi!