Muyaka Si Haji: Mitindo ya Marejeleo na Majina ya Washairi Wetu

Katika rasimu za tasnifu ninazoletewa nizisome, kuna mshairi anayejitokeza mara kwa mara kwa jina la "Haji, M. B." Msomaji asihangaike kumtafuta mgeni huyo katika kumbukumbu zake. Ni Muyaka bin Haji wa Mombasa. Amevuliwa jina alilopewa, akavikwa la baba yake, na neno "bin" limegeuzwa kuwa herufi ya jina la kati ambalo hakuwa nalo.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa sekondari, nami naishi Ilagala, karibu na mahali Mto Malagarasi unapoingia Ziwa Tanganyika. Vijana wa mwambao huu wanaosoma vyuoni hunijia wakati wa likizo wakiwa na kazi zao. Ninapowauliza kuhusu huyo Haji, jibu lao ni moja: "Mwalimu, ndivyo kompyuta inavyotoa." Leo nataka kulipinga jibu hilo. Kompyuta haikuamua lolote. Inatii sheria iliyoandikwa na mtu, na sisi pia tunaweza kuandika ya kwetu.

Tuanze na chombo chenyewe. Programu ya kutunza marejeleo inayotumiwa sana na wanafunzi wetu ni Zotero, iliyotolewa mwaka 2006 na Chuo Kikuu cha George Mason cha Marekani, nayo hupatikana bila malipo. Mwanafunzi huingiza taarifa za kitabu mara moja tu: mwandishi, anwani, mwaka, mchapishaji. Programu kisha huzipanga kwa mtindo wowote atakaouchagua. Kila mtindo ni faili dogo la maandishi, lililoandikwa kwa kanuni zijulikanazo kwa herufi CSL. Ndani yake mna maelekezo: nani atangulie, mwaka ukae wapi, kipi kiwe katika herufi za mlazo, waandishi wakizidi idadi fulani wafupishwe namna gani. Hazina ya mitindo hiyo ina zaidi ya 10,000, na iko wazi kwa umma. Majarida ya tiba, ya sheria na ya uhandisi yana mitindo yake humo. Anayejua kusoma kwa makini anaweza kuchukua mtindo uliopo, akaubadilisha, akaupa jina jipya na kuutumia siku hiyohiyo.

Suala la kwanza ni majina. Mitindo mingi imejengwa juu ya desturi ya ukoo ya Ulaya, ambapo jina la mwisho ndilo la familia na ndilo humtambulisha mtu. Washairi wetu wengi hawakuishi katika desturi hiyo. Tazama anwani za diwani zao. Sheikh Kaluta Amri Abedi, mzaliwa wa Ujiji hapa kwetu Kigoma, alichapisha mwaka 1954 kitabu ambacho kila mtunzi wa arudhi amekipitia: Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri. Diwani imeitwa ya Amri. Saadani Abdu Kandoro, mmoja wa waasisi wa TANU, aliita yake Mashairi ya Saadani. Mashairi ya Shaaban Robert yamekusanywa chini ya jina la Diwani ya Shaaban. Mwenye kazi ametuambia jina analotaka kuitwa, nasi katika orodha tunamwita "Abedi", "Kandoro" na "Robert".

Atatokea wa kunikumbusha kwamba Mathias Mnyampala aliita yake Diwani ya Mnyampala. Ni kweli, na ndiyo maana sipendekezi kanuni moja ya kumlazimisha kila mtu. Napendekeza tufuate hiari ya mtunzi. Anayejulikana kwa jina la mwisho abaki nalo, na anayejulikana kwa jina kamili aandikwe kamili na kupangwa kwa herufi ya jina lake la kwanza. Waiceland hupanga waandishi wao kwa jina la kwanza, kwa kuwa jina la pili ni la baba na si la ukoo. Waethiopia nao, kwa sababu hiyohiyo, hutajwa kwa jina lao wenyewe hata katika vitabu vya kigeni vilivyohaririwa kwa uangalifu. Ulimwengu wa taaluma haukuporomoka kwa hilo.

Dawa yake ni nyepesi. Katika Zotero, pembeni ya nafasi ya jina la mwandishi kuna kitufe kinachounganisha sehemu mbili za jina kuwa moja. Ukiandika "Muyaka bin Haji" humo, mashine haitalikata wala kulipindua. Atakaa penye herufi M, na katika matini atatajwa kwa jina lake. Njia hiyohiyo itawaokoa watoa taarifa wetu wa fasihi simulizi. Tuseme mtafiti amehojiana na mghani anayejulikana kijijini kwa jina la Mama Asha. Bila uangalifu huo orodha itamwandika "Asha, M.", na mtoto atakuwa ameuchukua utunzi wa mama yake.

Suala la pili ni herufi kubwa. Baadhi ya mitindo, Chicago ukiwa mmojawapo, huanza kila neno muhimu la anwani kwa herufi kubwa, kama ilivyo ada ya Kiingereza. Viunganishi na vihusishi vya Kiingereza mashine imefundishwa kuviacha vidogo. "Na", "za" na "ya" haivijui. Hivyo Adili na Nduguze hutoka ikiwa "Adili Na Nduguze". Lakini kanuni za CSL zinasema wazi kwamba ukubwa huo ni wa anwani za Kiingereza peke yake. Katika taarifa za kila kitabu kuna nafasi ya lugha, nayo wanafunzi wengi huiacha tupu. Ukijaza "sw", anwani itaachwa kama alivyoiandika mwenyewe.

Suala la tatu ni maneno ya kuungia, na hapa ndipo jarida linapohitaji mtindo wake lenyewe. Makala ya Kiswahili fasaha hufikia ukurasa wa mwisho, ghafla yakaanza kusema "et al." na "Eds." Mtindo wa CSL huruhusiwa kubeba msamiati wake, na kila istilahi ina nafasi ya umoja na ya wingi: mhariri na wahariri, uk. na kur. Zaidi ya hapo, kuna nafasi za kutaja sehemu ya kazi, zikiwamo ubeti na mstari. Mshairi mwenzangu, maana yake ni kwamba mtindo wetu unaweza kuandika "beti 4–6" au "mshororo wa 3" badala ya kumtuma msomaji kwenye ukurasa mzima akapapase.

Hata hivyo, kutafsiri maneno peke yake hakutoshi, kwa sababu sarufi nayo hudai haki yake. Kiingereza hutanguliza namba kisha kikataja toleo. Sisi tunasema "toleo la 2", nomino ikiongoza na kiunganifu kikifuata ngeli. Mwandishi wa mtindo lazima ageuze mpangilio wenyewe. Asipofanya hivyo tutapata "2 toleo", maneno ya Kiswahili katika mifupa ya lugha nyingine.

Najua pingamizi lililopo. Husemwa kwamba marejeleo ni lugha ya kimataifa, na kwamba tukiandika "na wenzake" msomaji wa nje atapotea. Mbona Wajerumani huandika "Hrsg." kwa mhariri na hatujapotea? Taarifa zilizo ndani ya programu hazibadiliki. Mtindo ni vazi tu, na makala ileile ikipelekwa kwenye jarida la Kiingereza huvalishwa lingine kwa kubofya mara moja. Pingamizi lenye uzito ni jingine: kwamba sisi wenyewe hatujakubaliana. Huyu huandika "na wenzake", yule "na wengine", huyu "kur.", yule "uk." hata kwa kurasa kumi. Mashine haiwezi kutusuluhisha katika hilo. Inasubiri tuamue.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, TATAKI pale Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mlezi wa jarida la Kiswahili ambalo mizizi yake inafika kwenye Kamati ya Lugha iliyoundwa mwaka 1930, ikae na BAKITA na wahariri wa majarida mengine, wakubaliane orodha fupi ya istilahi za marejeleo, kisha watoe faili moja la CSL ambalo kila mwanafunzi atalipakua bure. Kazi hiyo ingefaa kuzinduliwa tarehe 7 Julai, Siku ya Kiswahili Duniani, ili sherehe ituachie kitu mkononi. Pili, vyuo vya ualimu vifundishe kujaza taarifa hizi ipasavyo, hasa nafasi ya jina na ya lugha, kwa kuwa mtindo mzuri hauponyi taarifa mbovu. Tatu, ninyi watunzi mlio hai, andikeni ndani ya diwani zenu mnavyotaka kutajwa. Mstari mmoja watosha.

Waliotangulia hawawezi tena kuandika mstari huo. Amri aliyezaliwa Ujiji alifariki mwaka 1964, wala hakuwahi kuona kompyuta ikimpanga. Lakini aliliacha jina lake katika anwani ya kitabu, mahali ambapo hakuna mhariri anayeweza kudai hakuliona. Tulifuate hilo.