Je, Wimbo wa Kiswahili Unaweza Kudumu Katika Chati za Dunia?



Mwaka juzi, kipindi cha mwisho cha Ijumaa, nilikuwa nafundisha insha za hoja hapa Kaole. Nilitaka mada ambayo kila mwanafunzi angekuwa na la kusema, nikaandika ubaoni: "Wimbo wa Kiswahili unaweza kudumu katika chati za muziki za dunia. Jadili." Darasa likagawanyika, na waliokataa walikuwa wengi. Kijana mmoja wa nyuma akasimama: "Mwalimu, huko nje hawatuelewi. Tukitaka kufika mbali, tuimbe Kiingereza." Wenzake wakampigia makofi.

Siku ile kengele iligonga kabla sijamjibu. Leo namjibu yeye, nawe pia. Msimamo wangu ni huu: inawezekana. Ila haitatokea kwa kuacha Kiswahili, wala kwa kukaa tukisubiri bahati.

Kwanza, maana ya maneno. Mtahiniwa anayejadili mada bila kueleza maneno yake makuu hugombana na kivuli. Chati ni orodha ya nyimbo au albamu zilizouzwa na kusikilizwa zaidi katika kipindi fulani, aghalabu wiki moja. Inayotazamwa zaidi duniani ni Hot 100 ya jarida la Billboard la Marekani, iliyoanza Agosti 1958. Chati haisemi wimbo upi ni mzuri. Chati inahesabu tu, na hoja yangu nzima imejengwa juu ya jambo hilo. Kudumu nako kuna maana mbili. Wimbo mmoja unaweza kukaa kileleni wiki nyingi, au nyimbo za lugha fulani zinaweza kurudi mwaka baada ya mwaka hata watu wasishangae tena. Mimi najadili maana ya pili.

Sasa tuwatazame waliotangulia. Kihispania kilipita njia hii kabla yetu. Mwaka 1987 kundi la Los Lobos lilifika nafasi ya kwanza ya Hot 100 kwa "La Bamba", wimbo wa asili wa Mexico. Mwaka 1996 "Macarena" ya Los del Río ilikaa nafasi hiyo wiki 14. Mwaka 2017 "Despacito" ya Luis Fonsi na Daddy Yankee ilikaa wiki 16. Hesabu miaka iliyo katikati: tisa, kisha ishirini na mmoja. Kila mara watu walisema ni upepo tu, utapita. Na kweli ulipita.

Hapa yule kijana wangu ana haki ya kunikatiza. Toleo la "Macarena" lililofika juu lilitiwa maneno ya Kiingereza. "Despacito" ilipanda baada ya Justin Bieber kuingia ndani yake. Ricky Martin alipofika kileleni mwaka 1999, aliimba kwa Kiingereza. Nakubali yote hayo. Hoja pinzani usiifiche. Iandike, kisha uijibu.

Jibu langu ni kilichofuata. Mwaka 2020 Bad Bunny wa Puerto Rico alitoa albamu iliyoimbwa yote kwa Kihispania ikaongoza chati ya albamu ya Billboard, ya kwanza ya aina hiyo kufanya hivyo. Mwaka 2022 albamu yake nyingine ya Kihispania iliongoza chati hiyo kwa jumla ya wiki 13. Hakubadili lugha. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Zamani chati zilitegemea mauzo ya maduka na nyimbo zilizopigwa redioni, na mtangazaji asiyejua Kihispania hakuupiga wimbo huo. Kuanzia mwaka 2013 Billboard ilianza kuhesabu utazamaji wa YouTube, na usikilizaji wa mtandaoni ukazidi kupewa uzito. Wasikilizaji wa Kihispania walikuwepo siku zote, na ndani ya Marekani peke yake watu wenye asili ya nchi za Kilatini wanazidi milioni 60. Siku walipoanza kuhesabiwa, walionekana.

Na sisi je? Muziki wa Kiswahili ulianza safari mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1928 Siti binti Saad, binti wa Fumba, Unguja, alisafiri na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na santuri hizo zikauzwa pwani yote hii. Shaaban Robert akamwandikia wasifu. Wimbo "Malaika", uliorekodiwa na Fadhili William wa Kenya, ulichukuliwa na Miriam Makeba, na baadaye na kundi la Boney M. kutoka Ujerumani. "Jambo Bwana" ya Them Mushrooms wa Mombasa nayo ikaimbwa na Boney M. Mwaka 2011 "Baba Yetu", sala ya Kiswahili iliyotiwa muziki na Christopher Tin kwa ajili ya mchezo wa kompyuta, ilipata tuzo ya Grammy.

Soma orodha hiyo tena taratibu. Kiswahili kilifika. Lakini katika mifano mitatu ya mwisho, aliyekibeba hadi mbali hakuwa mtu wa kwetu. Wimbo ulipanda ndege, mwenyewe akabaki uwanjani akipunga mkono. Tena kuhusu "Malaika", ubishi wa nani hasa aliyeutunga haujaisha mpaka leo. Kwa hiyo kusema "hawatuelewi" hakutoshi kueleza tatizo letu. Waliupenda wimbo bila kuuelewa, na wakauimba.

Ukitaka ushahidi zaidi kwamba lugha si ukuta, waulize wazee. Salum Abdallah wa Morogoro aliipenda mno miziki ya Kuba iliyokuja kwa santuri, hata bendi yake ikaitwa Cuban Marimba. Wachezaji wake waliijua rumba kwa miguu, si kwa kamusi. Kama babu zetu walicheza Kihispania bila kukielewa, kwa nini mjukuu wa Mhispania asicheze Kiswahili?

Basi ugumu uko wapi? Naona mambo matatu.

La kwanza ni hesabu. Unesco hutaja wasemaji wa Kiswahili kuwa zaidi ya milioni 200, na tangu mwaka 2021 imeitenga tarehe 7 Julai kuwa Siku ya Kiswahili Duniani. Lakini msemaji si msikilizaji aliyehesabiwa. Chati ya Billboard huhesabu wasikilizaji walio Marekani, na anayelipia huduma ya muziki humpa uzito mkubwa kuliko anayesikiliza bure. Tazama tunavyosikiliza sisi. Dereva wa bodaboda pale njia panda huwekewa nyimbo mia kwenye flashi kwa pesa kidogo, akazisikiliza mwaka mzima. Anaupenda wimbo kuliko mtu wa Chicago, lakini katika hesabu hayupo. Tusipojenga njia ya kuwahesabu watu wetu na kuwalipa wasanii kwa kila usikilizaji, tutabaki wengi mitaani na wachache kwenye orodha.

La pili ni sauti yenyewe. Wengine husema siri ya Wanaijeria ni Kiingereza. Kiingereza kimewasaidia, sikatai. "Calm Down" ya Rema, akiwa na Selena Gomez, ilifika nafasi ya tatu ya Hot 100 mwaka 2023. Lakini Kiingereza kinaimbwa na nusu ya dunia. Kilichomfanya msikilizaji ageuke ni mdundo ambao hakuwa nao nyumbani kwake. Sisi tunao wetu. Ukitoka Kaole kwenda Bagamoyo mjini unakutana na Taasisi ya Sanaa na Utamaduni, TaSUBa, iliyoanza kama Chuo cha Sanaa mwaka 1981. Humo alifundisha Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeimba Kigogo kwa zeze na marimba. Hakubadili sauti yake ili apendwe, na kampuni ya Real World ya Uingereza ilimrekodi kama alivyo. Hakuingia Hot 100. Lakini muda mrefu baada ya kifo chake mwaka 2003 bado anasikilizwa. Bi Kidude naye alipewa tuzo ya WOMEX mwaka 2005 kwa taarabu na unyago, si kwa kuiga. Diamond Platnumz alipovuka mipaka, alishirikiana na Davido wa Nigeria na Koffi Olomide wa Kongo, lakini Kiswahili hakukiacha nyumbani. Hiyo ndiyo njia: mwalike mgeni aingie kwako, usihame nyumba.

La tatu ni karatasi, na hapa naomba unisikilize kuliko mahali pengine pote.

Yule kijana wa nyuma alikuwa na sauti nzuri kweli. Aliacha shule kabla ya mtihani, akaenda Dar es Salaam. Studio moja ikampa mkataba wa kurasa sita kwa Kiingereza, lugha ambayo aliniambia ndiyo ya kufikia mbali. Akasaini siku hiyohiyo. Mwaka jana alikuja nyumbani kwangu jioni. "Shikamoo, mwalimu." "Marahaba, mwanangu, karibu." Akanitolea karatasi zile, tukazisoma pamoja kibarazani, mstari kwa mstari. Nyimbo zake nne, pamoja na zote ambazo angetunga kwa miaka kadhaa, hazikuwa zake. Alinyamaza muda mrefu, kisha akauliza kama bado anaweza kufanya mtihani.

Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999, na ina COSOTA ya kusajili kazi za wasanii. Sheria ipo, lakini haimsaidii asiyejua kuisoma. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba muziki hauhitaji shule, mwulize nani ataisoma ile mikataba. Kiingereza unakihitaji, naam: ukisome ukielewe, usaini kwa macho yaliyo wazi. Kuimba ni jambo jingine.

Mtanijibu kwamba hata Wahispania walisubiri miaka thelathini. Ni kweli. Na bado naweza kukosea: huenda dunia ikachoka na midundo ya Afrika kabla zamu yetu haijafika. Ila ukitembelea magofu ya Kaole utaona makaburi ya nguzo yaliyowahi kupachikwa vibakuli kutoka China. Karne nyingi zilizopita dunia ilikuwa inafika hapa. Kisha mikoko ikaziba bandari, na biashara ikahamia Bagamoyo. Watu wa Kaole hawakupungukiwa bidhaa wala lugha; njia ndiyo iliyozibika. Nasi leo nyimbo tunazo. Kazi iliyobaki ni kuzibua njia: wasikilizaji wahesabiwe, sauti iwe yetu, na haki ibaki kwa mtunzi.

Hivyo basi, nahitimisha kwamba wimbo wa Kiswahili unaweza kudumu katika chati za dunia, na utakapodumu utakuwa umeimbwa kwa Kiswahili.

Huna lazima ya kukubaliana nami. Msahihishaji hatakupa alama kwa kukubaliana na mtu. Atakupa kwa msimamo ulio wazi, hoja zilizopangwa na mifano ya kweli. Chukua daftari sasa, uandike insha ya kunipinga. Anza kwa kueleza maana ya maneno, taja mifano mitatu ambayo mimi sikuitaja, na aya moja iwe ya kuijibu hoja yangu iliyo na nguvu zaidi. Ukiimaliza, isome kwa sauti. Mahali utakapokwama, hapo hoja haijakaa.

Na wewe uliyerudi, mtahiniwa wa kujitegemea mwenye nyimbo nne zisizo zako: najua unacho kitabu hiki, kwa sababu nilikuahidi nakala. Wimbo wa tano uandike baada ya mtihani. Kabla hujamwonyesha mtu yeyote, pitia COSOTA.